Josho la Karibu na Mama Mkwe

Nilioa karibu kwa sababu ya uvivu. Sioni haya kusema hivyo, maana mke wangu amekuwa akiwatangazia watu tangu wiki ya arusi. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walivuka milima kutafuta wachumba. Mmoja alikwenda hadi kule Wamaasai wanakoanzia, akarudi na mke na kikohozi. Mimi nilisimama mlangoni kwetu Sironga, nikatazama ng'ambo ya kijito, nikamwona msichana anaanika nguo. Nikasema moyoni, huyu anatosha, tena sihitaji nauli.

Ukoo wao ni mwingine, kwa hiyo pingamizi halikuwapo. Baba pekee ndiye aliyeguna.

"Umefikiria," akaniuliza, "kwamba huyo msichana ana mama, na kwamba huyo mama ataendelea kuishi pale pale unapomwona?"

Sikufikiria. Nilikuwa kijana aliyesoma, na kijana aliyesoma hafikirii mambo ambayo hayakuulizwa katika mtihani.

Kwetu Wagusii kuna jambo linaloitwa chinsoni. Ukitaka kulisema kwa Kiswahili utasema ni haya, ila hizi ni haya zenye sheria. Mama mkwe hapaswi kukuona umekunja suruali, nawe hupaswi kumwona ameinama shambani. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia pembeni mpaka mwenzake apite. Na mbele yake hutaji kiungo chochote kilicho chini ya shingo, hata kama ni cha mbuzi. Mtu aliyeoa mbali anazitimiza adabu hizi kwenye arusi na matanga, kisha anarudi kwake kupumua. Mimi nilizitimiza kila nilipotoka kwenda dukani.

Ningeishi hivyo bila taabu kubwa kama si ng'ombe wa gredi, wale wa mbegu ya kizungu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kule juu, kwenye mashamba waliyoyaacha Wazungu, watu wetu waliohamia walikuwa wakifuga ng'ombe wenye viwele ambavyo ukiviona unavua kofia. Ng'ombe wetu wa kienyeji walikuwa wadogo, wana nundu na hasira, na maziwa yao yalitosha chai ya mtu mmoja asiyependa maziwa. Nikaanza kumhubiria baba. Nilimhubiria asubuhi, nikamhubiria akila, mpaka akakubali kutoa ng'ombe wawili wa kienyeji na dume mmoja mchanga ili tupate mtamba mmoja wa gredi kutoka huko juu. Akamtazama yule mtamba, mweupe mwenye mabaka meusi, ngozi laini kama ya mtoto wa mwalimu, kisha akanitazama mimi.

"Sikiza," akasema. "Huyu akiishi, wewe kaa nyumbani, sitakuuliza tena habari za kazi. Akifa, unapanda basi unakwenda Kericho kuchuma chai kama wanaume wengine."

Wasomaji wasionijua huenda wasione uzito wa maneno hayo. Basi niwaeleze. Nilipokuwa shule ya bweni mjini Kisii, mahali ambapo mtu mwenye miguu anatoka kwetu asubuhi na kufika mchana, nililia wiki nzima ya kwanza. Ili nipate ruhusa ya kuja nyumbani nilikuwa nikiua mashangazi. Kufikia kidato cha nne nilikuwa nimezika mashangazi wengi kuliko wale ambao babu aliwazaa. Kericho kwangu ilikuwa sawa na Ulaya, na isitoshe kuna baridi. Kwa hiyo yule mtamba hakuwa ng'ombe tu. Alikuwa ruhusa yangu ya kukaa nyumbani, na alikuwa na miguu minne na masikio mawili, na masikio ndiyo yaliyonitia hofu.

Maana ndigana, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, huanzia sikioni. Kuna kupe mmoja wa rangi ya kahawia, mdogo, mpole wa kumtazama, anayependa kukaa ndani ya sikio la ng'ombe kama mzee aliyepata kiti cha kivulini. Huyo ndiye anayebeba ndigana. Ng'ombe wa kienyeji waliugua wakiwa ndama, wakafa waliokufa, waliobaki wakazoeana na ugonjwa. Wa gredi hakuwahi kutambulishwa. Tezi zinavimba chini ya sikio, mwili unawaka moto, anaacha kucheua, anaanza kuhema, na baada ya hapo unatafuta mtu mwenye kisu kikali. Dawa haikuwapo. Kilichokuwapo ni josho.

Josho letu tulilichimba wenyewe kwa harambee, pale bondeni karibu na kijito, kati ya kilima chetu na kilima cha akina mke wangu. Siku ya kuogesha ilikuwa Jumatano, kila wiki. Kama hujawahi kuona josho, ni mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji yenye dawa. Ng'ombe anaingizwa upande mmoja kwa kusukumwa, anaogelea akilia, anatokea upande wa pili akiwa na macho mekundu na kinyongo. Kazi ni hapo kwenye kusukuma. Wanaume huvua mashati, hukunja suruali mpaka mapajani, hukamata mkia, huweka bega mahali ambapo sitapataja, na humtukana ng'ombe kwa kuvitaja viungo vyake vyote kimoja kimoja, kuanzia nyuma. Pasipo matusi ng'ombe haingii. Hilo limejaribiwa.

Jumatano ya kwanza nilimshusha mtamba wangu kwa kamba, nimempiga brashi. Nilipofika karibu nikaona, kwenye foleni, kitambaa cha kichwani ninachokifahamu. Mama mkwe.

Alikuwa mjane, ana ng'ombe wake wawili, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumpelekea. Sauti yake ilikuwa ya kwaya ya Wasabato, mstari wa mbele. Sasa ningefanya nini? Nisimame nyuma yake nimekunja suruali? Nimtukane mtamba mbele ya mama aliyemzaa mke wangu? Nikakata kona, nikaingia na ng'ombe wangu kwenye kichaka kilichokuwa kando ya josho, nisubiri amalize.

Kichakani nikakuta wanaume wawili wamekaa na ng'ombe wao.

"Na wewe?" mmoja akanong'ona.

"Mama mkwe."

"Huyu wangu ni mama mkwe na shangazi yake. Karibu, keti."

Tuliketi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama mkwe naye alikuwa ameniona. Naye ni mtu wa adabu. Akajisemea, masikini, mkwe wangu amekuja na ng'ombe wake mgeni, nitamtia haya bure. Akawatoa ng'ombe wake kwenye foleni, akaingia nao kwenye kichaka cha upande wa pili, anisubiri nimalize. Nami huku namsubiri amalize. Mwangalizi wa josho akaita, "Kuna mwingine?" "Hakuna mwingine?" Ng'ombe mmoja akalia kichakani, mwenyewe akamziba mdomo. Mwangalizi akafunika josho, akaenda kunywa chai.

"Mmetoka josho?" baba akaniuliza jioni.

"Tumetoka," nikasema, na ni kweli tulikuwa tumetoka.

Wiki zikaenda hivyo. Kuna Jumatano nilifaulu, akiwa yeye amechelewa. Kuna Jumatano alifaulu yeye. Zilizo nyingi tulishinda vichakani kila mtu na upande wake, tukiheshimiana. Nyasi za humo zilikuwa ndefu na tamu, maana hakuna aliyezikata, na mtamba wangu alizila kwa furaha. Mimi nilirudi nyumbani nikijikuna. Mke wangu alikuwa akinitoa kupe shingoni akicheka, akiniuliza kama na mimi ni gredi.

Ndipo akaja daktari wa mifugo.

Alikuwa kijana wa Kiislamu aliyezaliwa mjini Kisii, katika familia ya wenye maduka, akasoma Nairobi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka ukiongea naye unajisikia umevaa shati kuukuu. Kikisii chake kilitosha kununua ndizi soko la Daraja Mbili, basi. Alitumwa kuchunguza ndigana vijijini: ng'ombe gani wanakufa, wapi, na kwa nini. Akahitaji mkalimani, akaomba kijana aliyesoma na ambaye siku zote yuko nyumbani. Naambiwa vidole vyote vilielekea kwetu.

Tukazunguka naye boma kwa boma. Ilikuwa kazi nzuri, kwa kuwa kila jioni nililala kwangu. Lakini daktari alizidi kukunja uso.

"Ndugu yangu," akaniambia siku moja tukiwa tumekaa ukingoni mwa njia, "kuna jambo linanishinda. Wanaokaa mbali na josho, kule juu kabisa vilimani, ng'ombe wao wazima. Wanaokaa hapa karibu, ng'ombe wanakufa. Ilipaswa kuwa kinyume. Mtu wa karibu anashindwaje kuogesha?"

"Labda ni maji, daktari."

"Maji ni yale yale."

"Labda ni dawa."

"Dawa nimeipima mwenyewe. Iko sawa."

Nikakosa labda ya tatu. Naapa sikuwa nikificha kitu. Ukikaa ndani ya desturi tangu kuzaliwa, huioni, kama usivyoiona pua yako mpaka mtu aigonge.

Siku iliyofuata tukafika kwa mama mkwe. Nikasimama nje ya ua, nyuma ya mti, nimempa daktari njia.

"Mbona huingii?" akauliza.

"Nasikia vizuri nikiwa hapa."

Akaingia peke yake, mama akatoka kumlaki, akaniona nyuma ya mti, akageuka akatazama ghala. Mazungumzo yakaanza. Daktari aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri kutoka mtini, mama akalijibu ghala kwa Kikisii, mimi nikatafsiri tena.

"Muulize, ng'ombe wake anawapeleka josho?"

"Kila Jumatano, sijakosa hata moja," mama akasema. Alikuwa kweli hajakosa. Mimi ni shahidi.

"Muulize, kupe anawaona wapi zaidi mwilini mwa ng'ombe?"

Nikalipeleka swali kwa sauti ya chini kabisa.

"Pale," mama akaliambia ghala.

"Anasema pale, daktari."

"Pale wapi?"

"Pale pale."

"Chini ya mkia? Kwenye kiwele? Kwenye—"

Nikaanza kukohoa. Nilikohoa mpaka mbwa akaja kuniangalia. Mama mkwe akaamua kujiokoa mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kanisani: "Daktari! Hii kijana hapana uliza yeye mambo ya nyuma! Sikio! Andika sikio!"

Daktari akaandika sikio. Bahati nzuri ndilo jibu sahihi, lakini nilimwona anatutazama sote wawili kama mtu aliyesikia panya ukutani.

Jumatano akaja josho bila kuniambia. Alisimama na mwangalizi, akaona watu wa mbali wanaogesha na kuondoka. Akaona kitambaa cha kichwani kinaingia kichaka cha kushoto. Akaona mgongo wangu unaingia kichaka cha kulia. Akangoja. Mwangalizi akaita, "Kuna mwingine?" Basi daktari akaja moja kwa moja kichakani kwetu, akatukuta wanaume sasa tukiwa wanne, na ng'ombe wetu, mmoja wetu akimenya ndizi.

"Mnafanya nini humu?"

"Tunangoja."

"Mnangoja nini?"

Aliyekuwa na ndizi akaonyesha kwa kidole kichaka cha ng'ambo. "Wamalize."

"Nao wanangoja nini?"

Hakika hakuna aliyewahi kujiuliza.

Daktari hakucheka. Alivuta jani moja la nyasi, akatuonyesha ncha yake. Kupe walikuwa wamejipanga pale juu, miguu ya mbele hewani, kama watu wanaosimamisha basi. "Ng'ombe wa kata nzima wanasubiri hapa," akasema, "wanadondosha kupe hapa, halafu nyinyi mnawaleta wenu waje kuwachukua, na hamuwaogeshi." Akamgeukia mtamba wangu, akapitisha vidole chini ya sikio lake. Vidole vikasimama. "Huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Tezi zimevimba. Mkamate nimpime joto. Shika mkia."

Nikakunja suruali, nikashika mkia. Mtamba akaruka. Kichwani hapakuwa na mtu wa kumshika, wenzangu walikuwa wakipigana na ng'ombe wao waliotaharuki. Daktari akapaza sauti kuelekea kichaka cha pili: "Mama! Njoo umshike huyu kichwa, upesi!"

Na mama mkwe akaja. Sijui kama ni kwa sababu aliitwa na daktari, au alisikia mtamba analia. Alitokea kwenye nyasi, akamkamata ng'ombe wangu puani kwa vidole viwili, na hapo tukawa tumesimama, yeye kichwani, mimi mkiani nimekunja suruali, daktari katikati na kipimajoto mahali ambapo sitapataja. Mama akainua macho mawinguni.

"Mwambie daktari," akasema kwa Kikisii, "amwambie mkwe wangu akunjue suruali."

"Anasema nini?" daktari akaniuliza.

"Anasema nikunjue suruali."

"Basi kunjua suruali," daktari akaniambia.

"Mwambie pia," mama akaendelea kuyaambia mawingu, "amwambie mkwe wangu kwamba ng'ombe huyu hatakufa kwa sababu yangu. Kuanzia sasa kila Jumatano amfunge pale kijitoni, kwenye daraja la mti, aende zake. Nitamwogesha na wangu, nitamrudisha pale pale. Asinione, nisimwone."

Nikamtafsiria daktari. Daktari akanigeukia, akanirudishia maneno hayo yote kwa Kiswahili chake safi, kana kwamba sikuwapo. Nikamjibu daktari kwamba nimekubali na ninashukuru. Daktari akamwambia mama kwa Kiswahili, mama akatikisa kichwa, hakuelewa, nikalazimika kumtafsiria shukrani zangu mwenyewe. Tangu siku ile sijapata kazi ya ukalimani iliyonichosha vile.

Joto lilikuwa juu. Daktari akamchoma sindano, akaniambia ukweli: "Hii si dawa ya ndigana. Hiyo bado hatuna. Hii ni kumsaidia apigane mwenyewe."

Mtamba akalala zizini, masikio yameanguka. Aliacha kula, akaacha kucheua. Baba hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa. Alikwenda darini akashusha lile sanduku langu la bati la shule, akalipangusa vumbi kwa kitambaa, akalianika juani. Mama yangu akaanza kunishonea sweta. Mke wangu alisema atanifuata Kericho baadaye, nikishajua njia, kwa maana alijua nitapotea. Kutoka ng'ambo ya kijito yakaja majani ya viazi vitamu, mororo, kila asubuhi, yameachwa kwenye daraja la mti bila salamu. Nilimlisha mtamba kwa mkono. Aliyatema. Nilimnywesha maji kwa chupa. Nilimweleza habari za Kericho, ukungu wake na manyapara wake, nikamwomba awe na utu.

Asubuhi moja nikamkuta baba amechuchumaa zizini, ameegemeza sikio karibu na taya la mtamba.

"Nyamaza," akanikataza kabla sijasema kitu.

Tukasikiliza. Mara taya likasogea upande, likarudi, likasogea tena. Alikuwa anacheua. Polepole, kama mtu anayejaribu meno mapya, lakini anacheua. Baba akainuka akishika kiuno, akalichukua lile sanduku la bati kutoka juani, akaweka ndani yake mahindi ya mbegu, akalifunga.

Vile vichaka tulivifyeka wenyewe, wote tuliooa karibu, siku ambayo si Jumatano. Mama mkwe alishika neno lake. Nilimfunga mtamba darajani, nikarudi nyumbani, nikanywa chai, nikaenda kumchukua ameloa na amekasirika. Ng'ombe wa karibu wakaacha kufa kwa wingi. Mtamba wangu alibaki na sikio moja lililolegea daima, lakini alibeba mimba, akazaa, na maziwa yake tuligawia hata majirani waliokuwa wamenipangia safari ya Kericho.

Kabla ya daktari kuhama wilaya alikuja kwetu na Landrova, akaketi na baba uani, akapewa maziwa. Akasema anakwenda kuendelea na uchunguzi wilaya nyingine, na angependa kunichukua. Kazi ya kudumu, sare, mahali pa kulala. Alinisifu mpaka nikatazama nyuma kuona anamsema nani.

Nikamtazama baba. Mtu aliyenitafutia kazi kwa miaka, leo kazi imekuja mpaka uani na gari.

Baba akamimina maziwa mengine kwenye kikombe cha daktari.

"Huyu hawezi kwenda, daktari," akasema, akaniamuru kwa kidevu nitafsiri. "Ana ng'ombe."

Nikatafsiri. Sikuongeza wala kupunguza neno. Daktari akacheka, akamaliza maziwa, akaagana nasi. Landrova ilipokwisha kupotea nyuma ya migomba, baba aliokota fimbo yake.

"Usifikiri nimekutetea," akasema bila kunitazama. "Nilipatana nawe, na ng'ombe ameishi. Sasa inuka ukakate majani. Ya kule juu, siyo ya bondeni."